Nani alitufundisha kutupa?

Kiswahili kina neno moja ninalolipenda: kutengeneza. Seremala anatengeneza meza, maana yake meza haikuwepo na sasa ipo. Fundi redio anatengeneza redio, maana yake redio ilikuwepo ila imekufa, na sasa inaongea. Neno ni lile lile. Ukitaka kujua limetoka wapi, liko neno kutengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali inayotakiwa. Kwa hiyo waliotuachia lugha hii hawakuona tofauti kubwa kati ya anayeunda kitu kipya na anayekifufua cha zamani. Wote wanakifanya kitu kikae sawa, na wote wanaitwa fundi.

Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu ya kazi. Nilitumwa kuandika habari ya taka za mjini, zile habari za kurasa za ndani ambazo wasomaji wake ni mhariri na mama wa mwandishi. Nikachimba takwimu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, yaani simu, friji, pasi, televisheni na jamaa zake wote, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Habari ikatoka, aya nne, chini ya tangazo la viwanja. Lakini swali lililobaki kichwani mwangu halikuwa la tani. Nilitaka kujua tulianza lini kutupa. Maana babu zetu hawakutupa. Je, tulianza wenyewe au kuna mtu alitufundisha?

Mnivumilie, inabidi tuanzie mbali kidogo, Uswisi.

Desemba 1924 wakubwa wa makampuni yaliyokuwa yanatengeneza balbu duniani walifunga makubaliano mjini Geneva. Walikuwemo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Compagnie des Lampes ya Ufaransa na wengine, na General Electric ya Marekani ikashiriki kupitia washirika wake wa nje. Umoja wao wakauita Phoebus. Wakagawana masoko na kupanga bei, mambo ambayo wafanyabiashara hufanya wakikaa meza moja bila mtu wa kuwatazama. Ila wakakubaliana na jambo jingine pia: balbu ya kawaida iwake saa 1,000, basi. Kabla ya hapo balbu nyingi zilikuwa zinafika saa 1,500 hadi 2,000. Viwanda wanachama vilitakiwa kupeleka sampuli Uswisi zikapimwe maabara, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango kilipigwa faini.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Faini kwa kosa la kutengeneza kitu kinachodumu!

Wapo wanaowatetea. Tume ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba ilisema mwaka 1951 kwamba saa 1,000 ni kiwango cha busara, kwa sababu balbu inayodumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule. Hoja ina maana, sikatai. Iko balbu maarufu katika kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu 1901, na ukweli ni kwamba mwanga wake wa siku hizi haukutoshi kusomea gazeti. Lakini kama lilikuwa ni suala la mwanga peke yake, faini ilikuwa ya nini? Kwa nini mnunuzi asielezwe zote mbili zikiwa dukani akachagua mwenyewe? Umoja ule ulikuja kusambaratishwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Fundisho lake halikusambaratika.

Mwaka 1932, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, dalali mmoja wa majumba wa New York aitwaye Bernard London alitoa kijitabu chenye pendekezo ambalo nilidhani ni utani. Alisema tatizo la uchumi ni kwamba watu wanatumia vitu vyao muda mrefu mno. Dawa yake: serikali ipangie kila kitu tarehe ya kufa. Viatu, magari, nyumba, mashine. Tarehe ikifika, kitu kinahesabiwa kimekufa kisheria, kinakusanywa na kuharibiwa, na anayeng'ang'ania kukitumia alipe kodi. Hakuna serikali iliyomsikiliza. Haikuwa lazima, maana wenye viwanda walipata njia nyepesi zaidi, ya kumfanya mtu akione kitu chake kimepitwa na wakati hata kama kinafanya kazi. Agosti 1955 jarida la Life lilichapa picha ya familia ya Kimarekani ikirusha hewani sahani, vikombe na vijiko vya kutumia mara moja, kwa furaha kabisa, na maelezo kwamba kuviosha vyote hivyo kungechukua saa 40. Kutupa kukawa alama ya maendeleo.

Waingereza nao wana somo lao. Wakati wa vita nguo ziliuzwa kwa kuponi kuanzia Juni 1941, na 1943 serikali ikachapa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka, kufumua sweta na kuzisuka upya. Nchi nzima ikawa ya mafundi cherehani. Mgawo wa nguo ukafutwa 1949, na taratibu watu wakaacha. Walitengeneza kwa kulazimishwa, na lazima ilipoondoka, kutengeneza nako kukaondoka. Shikilia hapo, maana nyumbani yalitokea hayo hayo.

Sisi hatukusoma kijitabu cha Bernard London. Tulikuwa na shida zetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, tukaingia vitani. Vita ikaisha 1979, na mwaka huo huo mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Kiwanda kikikosa spea kinasimama, kikisimama rafu za duka zinabaki tupu, na rafu zikibaki tupu watu wanapanga foleni. Wenye umri wa wazazi wetu wakisikia neno foleni hawafikirii benki. Wanafikiria sabuni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa karani Morogoro miaka hiyo, na nikitaka kumpata kwenye maongezi naanza na hapo. Anasema nguo walifulia majani ya mpapai. Betri za redio zikichoka hazikutupwa, zilianikwa juani kutwa nzima kama dagaa, jioni zinakupa taarifa ya habari halafu zinalala tena. Kandambili ikikatika mkanda, unaubana kwa chini na pini au kipande cha msumari. Sufuria likitoboka lilikwenda kwa fundi bati likarudi na kiraka. Kola ya shati la babu ikichakaa shingoni, fundi cherehani aliifumua, akaigeuza ule upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona pale pale, na shati likapata miaka mingine miwili ya kwenda ofisini. Na balbu? Nilipomsimulia habari za Geneva alicheka sana. Balbu iliyokata uzi, anasema, unaitikisa taratibu ikiwa mahali pake mpaka ncha mbili za uzi zinase, inawaka tena wiki nzima. Ikifa kabisa inafunguliwa kitako, inatiwa mafuta ya taa na utambi, inakuwa koroboi. Wakubwa wa Phoebus wangemtoza faini gani?

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya historia tulivyosoma sekondari havikulitilia uzito. Nchi ile iliendeshwa na mafundi. Mabasi yalitembea kwa sababu kuna mtu aliichonga bushi mwenyewe. Watu walivaa katambuga zilizokatwa kwenye tairi la lori. Serikali yenyewe ilikuwa imeanzisha SIDO mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo. Lakini mwaka 1983, katikati ya dhiki, ikatungwa sheria ya nguvu kazi, na mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi wala kibali akawa wa kukamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Mshona viatu aliyekaa chini ya mwarobaini bila karatasi mkononi alihesabika mzururaji. Yaani mtu anayezuia miguu ya wafanyakazi wa serikali isiguse lami ndiye asiye na kazi. Wenzetu wa Kenya walikwenda njia nyingine. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ilikuwa imeshawaambia kwamba hawa watu wa kugonga mabati juani ni uchumi kamili, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi kuwajengea vibanda. Jua kali likawa jina la heshima, hadi mwaka 1992 likaingia kwenye waraka wa serikali wa sera. Sisemi vibanda vilimaliza shida zao. Ila jina zuri ni mtaji, na fundi wetu hakupewa. Sisi tulimpa "gereji bubu".

Kisha mambo yakafunguka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuhojiwa amezitoa wapi. Novemba 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1986 tukakubaliana na IMF. Rafu zikajaa. Mitumba, ambayo ilikuwa imepigwa marufuku, ikamwagika, watu wakaiita kafa Ulaya kwa imani kwamba mtu hawezi kuiacha koti nzuri namna ile akiwa hai. Hawakujua habari za jarida la Life! Hakuna aliyekufa, mwenye koti alichoka nalo tu. Mafundi cherehani waliokuwa wanashona kuanzia kitambaa wakawa wa kupunguza kiuno na kukunja pindo. Hadithi ya mitumba ni ndefu na ina siasa zake (mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ikatishia, ni Rwanda peke yake iliyokaza, na 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru), nitaiandikia siku yake.

Ninachotaka kusema ni kilichotokea kichwani mwa watu. Mwaka jana feni ya bibi iliacha kuzunguka. Feni nzito, ya chuma, imeingia nyumbani kabla mama hajaolewa. Nikamwambia niipeleke kwa fundi. Akanitazama kama namtania.

"Mume wangu," akaniambia, "mimi nilishatengeneza vya kutosha."

Akatoa pesa, nikamnunulia mpya ya plastiki.

Jibu lile limenikaa. Wanaharakati wa mazingira tunaowaandikia habari kila mwaka Juni 5 huongea kana kwamba watu wanatupa kwa ujinga au uvivu. Bibi si mjinga wala mvivu. Kwake kiraka ni foleni, ni majani ya mpapai, ni miaka ambayo hakuwa na uchaguzi. Kununua kipya ni ushahidi kwamba miaka ile imepita. Na sisi wajukuu tumeirithi aibu ile bila kurithi ujuzi uliokuja nayo. Mwenzangu mmoja ofisini ana shahada mbili, kiatu chake kikifunguka soli anakificha kwenye mfuko mweusi kukipeleka kwa fundi aliye mita 50 kutoka getini, na anasubiri jioni watu waondoke. Kingekuwa kiatu kilichoibwa asingejificha hivyo.

Ile feni ya chuma sikuitupa. Niliibeba hadi Gerezani.

Fundi wa Gerezani niliyempata ni mzee wa makamo anayesuka mota. Nikamwamkia, akaniita kijana wangu, akaifungua feni pale pale juu ya gunia. Kwa wasiojua: ndani ya mota kuna waya mwembamba uliozungushwa mamia ya mara, mota ikiungua waya ule unatolewa na kuzungushwa mwingine, kwa mkono, kwa idadi ile ile ya mizunguko na unene ule ule. Ukikosea idadi, feni inaungua tena au inazunguka kama imelazimishwa. Alinionyesha waya wa bibi, shaba tupu. Halafu akachukua mota ya feni mpya iliyoletwa siku ile, akakwangua waya kwa wembe. Nje rangi ya shaba, ndani alumini, nyeupe. "Hii haikuja ili itengenezwe," akasema. "Imekuja iuzwe." Kuisuka kwa shaba kunakaribia bei ya kununua nyingine, kwa hiyo mwenye nayo akisikia hesabu anaiacha hapo hapo. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na lundo la feni za namna hiyo. Wa skrepa hupita kuchukua chuma chake, hiyo plastiki iliyobaki inakwenda na gari la taka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi.

Kwa hiyo yapo mambo mawili na tusiyachanganye. Moja ni aibu yetu, hiyo ni yetu na tunaweza kuiacha. La pili ni Geneva. Kitu kinaundwa ili fundi asikiweze. Nenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukae na vijana wa simu kwa saa moja. Zamani simu ulifungua mgongo kwa ukucha, ukatoa betri, ukaweka nyingine, hata mtoto aliweza. Siku hizi mgongo umegundishwa kwa gundi, fundi anaupasha moto na kuuinua kwa kadi ya plastiki akiomba kioo kisipasuke. Akimaliza kubadilisha, ziko simu ambazo programu yake inaikataa spea au inamwonya mwenye simu kila siku kwamba ndani kuna kitu cha kigeni, hata kama spea hiyo imetolewa kwenye simu nyingine ya aina ile ile. Vijana wale wanashinda mara nyingi kuliko unavyodhani. Lakini wanashindana na mtu aliyelipwa mshahara mnono ili washindwe. (Na ndiyo, mafundi maiko wapo, tele. Hata madaktari feki wapo, na hatujaacha kwenda hospitali.)

Kinachochekesha ni kwamba Ulaya imeanza kurudi nyuma. Oktoba 2009 mwandishi wa habari mmoja wa Amsterdam, Martine Postma, aliandaa siku ya watu kukutana, kunywa kahawa na kutengeneza vibaniko vya mkate na nguo zao kwa msaada wa wanaojua. Mikusanyiko hiyo imeenea nchi nyingi, inaandikwa kwenye magazeti kama uvumbuzi. Sisi tunapaita Gerezani, kahawa ipo pia, ya kwenye vikombe vidogo. Ufaransa Januari 2021 ilianza kumlazimisha muuzaji wa simu, kompyuta na bidhaa nyingine kadhaa aweke alama dukani kuonyesha kitu kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, kati ya 0 na 10. Juni 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengeneza: kwa bidhaa zilizotajwa, mwenye kiwanda awajibike kuzitengeneza kwa bei ya haki hata baada ya dhamana kuisha, na asiweke vizuizi kwenye programu au spea za kumzuia fundi wa nje. Nchi wanachama zikapewa hadi Julai 31, 2026 kuiingiza katika sheria zao.

Sheria hiyo inamlinda mnunuzi wa kule. Kitu kile kile kikija huku, kipya au kikiwa kimeshachoka na wa kwanza, hakiji na haki hiyo. Sisi tuna mafundi bila sheria, wao wana sheria na mafundi wamezeeka. Sijamsikia mbunge wetu hata mmoja akiuliza kwa nini bidhaa inayoingia bandarini isionyeshe kama ina spea. Tunapima kama ni feki, hatupimi kama inafunguka.

Nilipoirudia feni siku ya tatu ilikuwa inazunguka bila kelele. Nikamuuliza yule fundi alijuaje idadi ya mizunguko, maana waya wa zamani ulikuwa umeungua na kushikana. Akainama chini ya meza akatoa kaunta buku lenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa viatu. Ndani, kwa kalamu za rangi mbalimbali, ameandika kila aina ya mota aliyowahi kuifungua: jina, unene wa waya, mizunguko, mwaka. Kurasa za kwanza si mwandiko wake, ni wa aliyemfundisha. Takwimu zile kiwandani hazipo tena, viwanda vingine vyenyewe havipo. Nikamuuliza nani anajifunza kwake sasa. Akasema alikuwa na kijana mmoja, amehamia kwenye bodaboda.

Niliomba ruhusa nilipige picha daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Hakukubali papo hapo. Aliniuliza nitapeleka wapi, nikamweleza. Amesema nije Jumamosi baada ya adhuhuri, kazi zikipungua, na nije na waya wa kuchajia simu maana kurasa ni nyingi.